Dakika Kumi za Kwanza: Maumivu ya Kifua na Kipimo cha Moyo

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Kaloleni, Kisumu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.

Najua wengine wenu mmeacha meza zenu Kibuye na wale wa Dunga mmeacha samaki kwa jirani, kwa hivyo sitawaweka hadi jua litue.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya mikopo ya vikundi. Nilimwambia mikopo itangoja mkutano ujao. Leo nataka tuongee juu ya moyo, huu unaodunda kifuani, na juu ya kipimo kimoja kidogo ambacho huchukua dakika tano tu, na bado watu wetu wanakufa wakikingojea. Mimi si daktari. Ni mfanyakazi wa huduma za jamii, nina diploma yangu, na mengi nitakayosema nimeyajua kwa kusoma na kwa kuwauliza manesi na madaktari mpaka wakanichoka. Nilianza kuuliza kwa sababu ya ndugu yangu.

Ilikuwa Oktoba 2016. Kaka yangu alikuwa na miaka 51, fundi wa mashua, mtu wa nguvu. Tulikuwa tumetoka matangani Nyakach jioni hiyo. Saa 4 usiku akaniambia, "Nyamera, kifua changu, ni kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia hapa katikati." Jasho lilikuwa likimtoka, na usiku wenyewe ulikuwa wa baridi. Akasema taya linamuuma na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Mimi nikafanya nini? Nikamletea ile dawa nyeupe ya maji ya vidonda vya tumbo, nikamwambia, "Umekula vibaya, lala, asubuhi tutaona." Jirani mmoja akasema ni sihoho, ati kuna mtu alimtazama alipokuwa akila samaki kule matangani. Tukabishana juu ya sihoho karibu saa nzima, na mgonjwa amekaa pale akishika kifua.

Saa 11 alfajiri nilipoona anatapika na midomo imebadilika rangi ndipo nikatafuta tuktuk. Tulifika hospitali saa 12 kasorobo. Sitaitaja hospitali hiyo. Tukalipia kadi, tukaketi kwenye benchi. Akapimwa joto, akatolewa damu ya malaria, tukangoja majibu. Malaria hakuna. Tukarudishwa kwenye foleni. Mashine ya kupima moyo ilikuwepo, tena nzima kabisa, lakini ilikuwa ndani ya chumba chenye kufuli, na mwenye ufunguo hakuwa amefika. Alipofika wakampima. Saa 3 na nusu. Kipimo chenyewe hakikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Daktari alipotazama ile karatasi uso wake ulibadilika, akauliza, "Haya maumivu yalianza saa ngapi?"

Hebu tuhesabu pamoja. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 7. Barabarani dakika 45. Hospitalini saa 3 na dakika 45. Jumla ni saa 11 na nusu. Daktari alitueleza kwamba kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu linaloziba mshipa wa moyo, ila hutolewa ndani ya saa 12, na inafaa zaidi katika saa mbili au tatu za kwanza. Hata hivyo pale haikuwepo, na muda wa kumpeleka mahali pengine ulikuwa umekwisha.

Kaka yangu hakufa siku hiyo. Aliishi mwaka mmoja na miezi minne. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kulegea, miguu ikawa inavimba, akipanda kilima kidogo anatweta kama aliyekimbia. Hakuinua ubao tena. Alikuwa akikaa ufuoni akiwaangalia vijana aliowafundisha wakipigilia misumari, na akawa mkali kwao bila sababu. Februari 2018 tukamzika.

Kwa muda mrefu niliilaumu ile hospitali kwa saa zake 3 na dakika 45. Nina haki ya kuilaumu. Lakini saa 7 zilikuwa zangu. Ndiyo maana leo nazungumza juu ya pande zote mbili, wa nyumbani na wa hospitali.

Sasa, ni nini hasa hutokea? Wale wa Ahero mnajua mifereji ya mashamba ya mpunga. Mfereji mkubwa unagawanyika, kila shamba linapata mkondo wake. Mkondo mmoja ukizibwa, shamba la mbele yake linaanza kukauka, hata kama mfereji mkubwa umejaa maji. Moyo nao ni hivyo hivyo. Umejaa damu, lakini nyama yake yenyewe hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta hujibandika ndani ya mishipa hiyo, hasa kwa mwenye presha, mwenye kisukari, na mvuta sigara. Siku moja hayo mafuta yanapasuka, damu inaganda juu yake, mkondo unazibwa. Baada ya kama nusu saa nyama ya moyo iliyo mbele ya kizuizi inaanza kufa, na kila saa inayopita inakufa zaidi. Nyama hiyo haioti tena. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Moyo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaoutengeneza wenyewe. Nyama inayokosa damu hubadilisha mkondo wa ule umeme, na mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kwenye karatasi. Mashine inayoyaonyesha hospitalini wanaiita ECG. Itamkeni i-si-ji, nanyi mama wa kijijini mkilitamka neno hilo pale mapokezini mtaona jinsi watu wanavyogeuka. Mgonjwa hulala kitandani, akabandikwa vibandiko kumi: vinne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Anaambiwa atulie, asiongee, na karatasi inatoka yenye mistari ya kupanda na kushuka.

Kipimo hiki si kitu kipya. Mdachi mmoja, Willem Einthoven, ndiye aliyeunda mashine ya kwanza iliyofanya kazi hiyo vizuri, katika mji wa Leiden, mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1924 akapewa tuzo ya Nobel. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu ndani ya mabeseni ya maji ya chumvi! Kwa kuwa haikuweza kubebwa hadi hospitali, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta umeme wa moyo wa mgonjwa kutoka hospitali hadi kwenye maabara yake, mwendo wa kilomita moja na nusu. Leo mashine ni ndogo, mtu mmoja anaibeba kwapani. Na klinikal ofisa wa zahanati ya mbali anaweza kupiga picha ile karatasi kwa simu na kumtumia daktari wa mjini aisome. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba umbali ndio unaozuia.

Waganga wa moyo wa Marekani na wa Ulaya wameweka kanuni moja inayofuatwa mahali pengi duniani: mtu akija na maumivu ya kifua, ECG ifanywe na isomwe ndani ya dakika 10 tangu akutane na mhudumu wa kwanza. Dakika 10. Hapo hakuna nafasi ya kulipia kadi, kutafuta faili, wala kungoja majibu ya malaria. Mambo hayo yanaweza kufuata nyuma.

Je, sisi huku tuko wapi? Nitawapa mfano wa majirani zetu Tanzania, kwa sababu wao walikuwa na ujasiri wa kujichunguza na kutangaza waliyoyaona. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 2019 watafiti waliwafuata wagonjwa wazima waliofika idara ya dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliwapima ECG na damu watu 681. Kati yao 152 walikuwa na ugonjwa huu wa mishipa ya moyo kuziba ghafula, yaani zaidi kidogo ya mmoja katika kila watano. Waliopewa aspirini, dawa ya bei rahisi kabisa, hawakufika robo. Na kabla ya siku 30 kwisha, takriban wanne katika kila kumi walikuwa wamekufa.

Tulizoea kusema huu ni ugonjwa wa wazungu na wa matajiri wenye vitambi. Kumbe ulikuwa umekaa nasi kwenye benchi, tunauita nimonia, tunauita vidonda vya tumbo, tunauita malaria. Wale wa Moshi hawakuishia kuandika tu. Baadaye walitengeneza mpango: kuwafunza wauguzi na madaktari, kuweka kadi za kumtambulisha mgonjwa wa namna hii tangu anapopokewa, kuchagua watu wa idara wenyewe wa kuwakumbusha wenzao, na kumpa mgonjwa karatasi ya kumweleza ugonjwa wake. Hakuna hapo jumba jipya la mamilioni. Ni mambo ambayo hata hospitali ndogo ya misheni inaweza kuyafanya.

Nimewauliza manesi wanaopenda kazi yao ni nini huchelewesha kipimo. Majibu yao hayakunishangaza. Mashine inafungiwa ofisini kwa kuogopa wizi. Karatasi ya mashine imekwisha, au vibandiko vimekwisha, na hakuna aliyeagiza. Nesi anaogopa kupima kabla daktari hajaandika. Mgonjwa wa kifua amepangwa foleni moja na mwenye jipu. Na lingine ambalo wanaume hawalifikirii: hakuna pazia. Mama mzima anaambiwa afungue kifua mbele ya benchi la watu, anakataa, anaambiwa basi angoje chumba. Mahali ambapo mambo yamebadilika wamefanya hivi tu: mashine inakaa pale pale wagonjwa wanapopokelewa, kona moja ina pazia, nesi ana ruhusa ya kupima bila kungoja kuandikiwa, na karatasi inapelekwa mkononi kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama yuko na mgonjwa mwingine. Akina mama, bebeni leso. Nesi akikosa pazia, leso itafanya kazi.

Jambo moja msisahau. ECG ya kwanza inaweza kutoka safi na bado mtu ana mshtuko wa moyo. Kwa hiyo maumivu yakiendelea, inarudiwa. Tena kuna kipimo cha damu kiitwacho troponini, kinachoonyesha kama nyama ya moyo imeumia. Nacho mapema sana kinaweza kuwa safi, hivyo hurudiwa baada ya saa kadhaa. Ukiambiwa "ECG ni sawa, nenda nyumbani" na kifua bado kinabana, uliza kwa adabu, "Daktari, hakuna haja ya kurudia?" Kuuliza hakumkosei mtu heshima.

Na sheria iko upande wenu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza adhabu: hospitali inayokataa kumtibu mtu wa dharura inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Sisemi mwende pale na Katiba mkononi mkipiga kelele, maana nesi wa zamu ya usiku ana wagonjwa arobaini na hajala. Nasema mjue tu kwamba kuomba mtu apimwe kabla ya kulipa hakuwafanyi ombaomba. Na wale ambao tangu NHIF iondoke Oktoba 2024 hawajajiandikisha SHA, fanyeni hivyo wiki hii. Matibabu yatakayofuata baada ya ile dharura ni ya gharama.

Sasa nyumbani, zile saa 7 zangu. Mtu mzima akipatwa na maumivu ya kubana au uzito katikati ya kifua, yasiyoisha kwa dakika 10 au 15, pengine yakienda begani, mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, na jasho baridi, au kichefuchefu, au kukosa pumzi, hapo tusibishane. Wanawake mara nyingi hawaoni maumivu makali. Wanasikia uchovu wa ajabu, pumzi fupi, kichefuchefu, mgongo. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa, anatoa jasho tu na kulegea. Wazee wetu ndio hivyo, unaambiwa "nimechoka tu", kumbe.

Mkalishe, asitembee, asibebe kitu. Kama ana akili timamu, anameza vizuri, hana mzio wa aspirini na hatoki damu tumboni, mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune. Zile ndogo za miligramu 75 ni nne. Aitafune, asiimeze nzima, ili ifike kwenye damu haraka. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 katika nchi mbalimbali. Waliopewa aspirini siku ile na kuendelea nayo kwa mwezi mmoja, vifo vyao vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Kidonge cha shilingi chache! Lakini angalieni: Panadol si aspirini. Na kama mdomo umepinda au upande mmoja wa mwili umelegea, usimpe aspirini, maana huenda ni kiharusi, na kiharusi kingine ni cha damu kuvuja kichwani. Huyo mkimbize tu. Pia aspirini haichukui mahali pa hospitali. Mwingine atapata nafuu kidogo, aseme "nyamera, wacha nilale." Asilale. Twendeni.

Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote. Sisi watu wa ziwa tunajua kuchanga. Mtu akifa, hema linapatikana, ng'ombe anapatikana, basi la kupeleka mwili nyumbani linapatikana kwa siku tatu. Lakini mtu huyo huyo akiwa hai, saa 7 usiku, akihitaji nauli ya tuktuk, tunaanza kuamshana, "Wewe una kitu? Mimi sina kitu." Padri anapigiwa simu kabla ya dereva. Kikundi cha watu 30 wakitoa shilingi 20 kila wiki ni shilingi 600, na kwa wiki 10 ni 6,000. Fedha hizo zisikopeshwe. Zikae kwenye simu ya mtu ambaye simu yake haizimwi usiku. Tafuteni madereva wawili wa tuktuk wanaolala karibu, mkubaliane bei ya usiku mapema, na namba zao ziandikwe ukutani kwa kila mwanachama, si ndani ya simu ya mwenyekiti peke yake.

Na jambo kubwa: mjue mnakokwenda. Kukimbilia hospitali ya karibu isiyo na mashine, au yenye mashine na isiyo na mtu wa kuisoma usiku, ni kupoteza saa mbili nyingine. Hapa Kisumu tuna bahati, hospitali ziko kadhaa, na Russia yetu, ambayo sasa ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, haiko mbali na hapa. Wa Nyakach na Seme wana hesabu tofauti. Nendeni siku ya amani, watu wawili, mkaulize kwa heshima: Mna ECG? Inafanya kazi leo? Karatasi na vibandiko vipo? Usiku nani anasoma? Mna aspirini? Mna dawa ya kuyeyusha donge? Kama hamna, mnampeleka mgonjwa wapi na kwa gari gani? Majibu yaandikwe. Baada ya miezi mitatu mrudi mkaulize tena, kwa maana mashine ni kama kisima cha kijiji, leo kinatoa maji, kesho mpini umevunjika.

Mkifika na mgonjwa, neno la kwanza mdomoni liwe "maumivu ya kifua". Msianze na historia ya malaria ya mwezi jana. Semeni, "Ana maumivu ya kifua, yalianza saa fulani, tumempa aspirini, tunaomba ECG sasa." Na ile saa iliyoanza, iandikeni kwenye mkono wake kwa kalamu kama hamna karatasi. Daktari ataihitaji.

Maswali

Mama mmoja wa Manyatta aliuliza kama mashine hiyo inaweza kumpiga mtu shoti, kwa sababu mama mkwe wake alikataa kupimwa.

Hapana, mama. Haiingizi umeme mwilini. Inasikiliza tu ule ulio ndani, kama vile nesi anavyosikiliza moyo wa mtoto tumboni. Haiumi, isipokuwa kwa mzee mwenye nywele nyingi kifuani wakati wa kubandua vibandiko!

Mzee mmoja alisema: "Mimi nina presha, kifua huniuma mara kwa mara. Nikikimbia hospitali kila mara si nitachekwa?"

Mzee wangu, maumivu ya kuchoma kama sindano kwa sekunde chache, au yanayouma ukibonyeza kwa kidole, mara nyingi si ya moyo. Lakini ya kubana yasiyoisha, nenda, tena nenda ukijua kwamba pengine utaambiwa si moyo. Kule Moshi, kati ya watu watano waliopimwa, karibu wanne hawakuwa na mshtuko wa moyo. Lakini ule wa tano hakuweza kujulikana bila kuwapima wote. Acha wacheke. Na presha yako usingoje kifua kiume. Wahudumu wa afya wa jamii, wale waliopewa mikoba Septemba 2023, wana mashine ya presha na ya sukari. Wapimie kikundi kizima kila mwezi kabla ya kuhesabu pesa.

Kijana wa bodaboda aliuliza kama anaweza kumbeba mgonjwa wa namna hii.

Tuktuk au gari ni bora, akae ameegemea. Ikikosekana kabisa, mbebe, lakini mtu mwingine akae nyuma amshikilie, na usiende kama unashindana. Kungoja gari mpaka asubuhi ni kubaya kuliko bodaboda.

Mama mwingine akauliza juu ya marehemu Raila Odinga, kwamba huo ndio ugonjwa uliomchukua.

Nilijua swali hilo litakuja. Tarehe 15 Oktoba 2025 alianguka akiwa katika matembezi ya asubuhi huko Kerala, India, na hospitali ikasema moyo ulisimama. Sisi tulimwaga machozi Mamboleo siku tatu baadaye. Siwezi kusema zaidi ya walivyosema madaktari. Lakini tutofautishe mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni mshipa kuziba, na mtu anaweza kuwa anaongea nawe. Moyo kusimama ni kwamba pampu imekoma: mtu anaanguka, haitiki, hapumui. Mshtuko unaweza kuleta kusimama, na sababu nyingine pia zipo. Aliyesimama moyo haihitaji ECG kwanza, anahitaji mikono yenu. Mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana, huku mwingine akiita gari. Hilo tutajifunza kwa vitendo, nimeomba nesi aje na mwanasesere.

Swali la mwisho: "Je, vikundi tuchange tununue mashine yetu?"

Roho hiyo ni nzuri, lakini mashine bila msomaji ni chuma tu. Afadhali mwende kwenye vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, ambako mara nyingi huwa tunazungumza barabara na taa za soko. Semeni zahanati yetu inataka karatasi za ECG, vibandiko, pazia, na nesi aliyefunzwa. Ni vitu vidogo, na diwani hawezi kusema havina fungu.

Tumekubaliana hivi. Wa Kaloleni na Manyatta watazuru hospitali mbili za mjini, wa Nyalenda na Dunga nyingine mbili, na wa Nyakach na Seme wataanza na zile zilizo karibu nao. Kila kikundi kilete majibu ya yale maswali yameandikwa, pamoja na namba za madereva, katika mkutano wa mwezi ujao saa 8 mchana. Halafu ndipo tutaongea juu ya mikopo.